Viti Mia Nne na Daftari Moja

(Imenakiliwa na mimi, karani wa klabu. Mwenyekiti ameniagiza niandike kila neno lake pamoja na kila kitakachofanywa na wasikilizaji, na kwamba pale karatasi yake iliposema "makofi", nami niandike makofi. Nitaandika nitakachosikia.)

Mheshimiwa Mkaguzi kutoka Shirikisho la Soka, uliyeacha majukumu yako mazito ukaja kuketi mstari wa mbele, saa mezani na kalamu mkononi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Utendaji, wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati ya Utendaji, na mjumbe pekee wa Kamati ya Kuratibu Kamati, ambaye ni mimi. Ndugu Kocha Mkuu. Ndugu Kocha wa Makipa. Daktari wa timu, ambaye pia ndiye kinyozi wa timu. Nahodha na wachezaji mlioruhusiwa kuketi. Ndugu Mpiga Tarumbeta. Wanachama hai, wanachama watarajiwa, na wanachama wa kidijitali popote mlipo hewani. Mke wangu mpendwa, ambaye kwa miezi minane sasa tunawasiliana kwa maandishi. Mama mkwe wangu, kama umefika (hajafika). Mabibi na mabwana, itifaki zote zikiwa zimezingatiwa, zikiwemo zile ambazo bado hazijatungwa, hamjambo?

(Hatujambo, anajibu Kocha wa Makipa.)

Sijasikia vizuri. Hamjambo?

(Kocha wa Makipa anasema yeye ameshajibu.)

Ndugu zangu, nikiutazama ukumbi huu wa klabu yetu kongwe, wenye feni mbili ambazo moja kati yake inazunguka, nikiviona viti mia nne vilivyovishwa vitambaa vyeupe na kupangwa kwa kamba ili mstari usipinde, moyo wangu unajaa, na kilichojaa moyoni ni lazima kimwagike, ndiyo maana nimeandaa kurasa thelathini na moja.

(Hapa kwenye karatasi pameandikwa "makofi ya dakika mbili". Ukumbini kuna watu kumi na sita, ukimhesabu Mkaguzi, ukinihesabu mimi, na ukimhesabu fundi wa projekta. Feni inapiga kelele. Ni saa nane na robo mchana.)

Nianze na jambo dogo la kiutaratibu. Mheshimiwa Mkaguzi yuko hapa kwa mujibu wa kanuni ya ligi inayotaka kila klabu ionyeshe, ndani ya chumba kimoja na kabla ya saa kumi kamili alasiri, wanachama wasiopungua mia tatu, wazima, wanaopumua, na wanaofahamika, la sivyo klabu hiyo itafutwa katika ligi, na uwanja wake wa nyasi utapangiwa shughuli nyingine. Klabu yetu ina umri wa miaka hamsini na mitatu, na leo saa kumi na moja tuna mechi. Sasa yapo maneno mitaani kwamba inaweza kuwa ya mwisho. Nawaomba wenye maneno hayo waniachie mimi hofu hiyo, maana nimeiundia kamati.

(Mpiga Tarumbeta anauliza kama kamati hiyo imeshakutana. Mwenyekiti anasema itakutana Jumatatu.)

Sasa nije kwenye mada. Ni nini humleta mtu uwanjani, na ni nini humfanya achukue kadi ya uanachama na asiitupe? Hili ni swali ambalo waliotutangulia walilijibu kwa kubahatisha. Uongozi wangu haukubahatisha. Tulifanya utafiti. Tuliandaa dodoso la kurasa arobaini na saba, tukalisambaza kwa wadau, na nina furaha kutangaza kwamba lilijazwa na watu watatu, mmoja wao akiwa amedhani anaomba kazi. Matokeo yanaonyesha kwamba asilimia thelathini na moja ya watu huja kwa sababu timu inashinda, asilimia ishirini na saba kwa sababu ya hali ya hewa, asilimia kumi na sita kwa sababu nyumbani kuna wageni, na asilimia arobaini na nne kwa sababu ambazo hawakuzitaja. Jumla ni asilimia mia moja na kumi na nane. Mkiniuliza imekuwaje ikazidi mia, nitawajibu kwamba mashabiki wetu wana ari.

(Kocha wa Makipa anapiga makofi mara mbili, anaona yuko peke yake, anajifanya anaua mbu.)

Baada ya utafiti, uongozi ukalitazama lango, maana penye kuingia watu ndipo penye data. Na pale langoni, ndugu zangu, tukakuta nini? Tulimkuta mama mmoja, maarufu kwa jina la Mama wa Langoni, ambaye kwa mapenzi ya Mungu ndiye aliyemzaa mke wangu, ameketi juu ya kigoda, mwavuli begani, daftari pajani, na ameketi hivyo kwa miaka ishirini na miwili. Nami namheshimu. Mkwe ni mkwe. Lakini nilisimama kando ya lango lile na saa ya kupimia mbio nikapima, na nikagundua kwamba kila shabiki alikuwa akitumia wastani wa sekunde arobaini na moja kupita, na kati ya hizo, sekunde thelathini na sita zilikuwa za maongezi. Mama anamtazama mtu tiketi yake kwa sekunde tano, kisha anamuuliza goti linaendeleaje. Anamuuliza mwingine kama paa limeshazibwa. Mwingine binti yake amefaulu au amefanyaje. Foleni inafika hadi kwenye duka la vipuri, na watu wako pale wanacheka, wanangoja zamu ya kuulizwa. Mimi kama mtendaji nikajiuliza, goti linahusiana vipi na soka?

(Linahusiana, anasema Kocha wa Makipa.)

Kwa heshima zote nikampandisha cheo. Nikamteua kuwa Mshauri Mwandamizi wa Heshima wa Masuala ya Mlango, nafasi ambayo kwa sasa haina ofisi, haina kiti, na haina mlango. Nikalichukua lile daftari kwa ajili ya kumbukumbu za taifa. Na mahali pake, ndugu zangu, ukazaliwa mradi ambao wajukuu wenu watausoma shuleni, yaani Mfumo Jumuishi wa Kidijitali wa Kuvuta, Kupokea, Kubakiza na Kurejesha Mashabiki, kwa kifupi MJKKKKKM, ambao kirefu chake kinatamkika kuliko kifupi chake. Mashine yenyewe mmeipita langoni mkiingia. Iko chini ya kitambaa cha bluu. Haiulizi goti. Mfumo hoyee!

(Mke wa Mwenyekiti, mstari wa pili, amekunja mikono.)

Fundi, tuonyeshe mchoro.

(Fundi anawasha projekta. Meza ni mbovu, kwa hiyo mguu mmoja wa projekta umeinuliwa kwa daftari kuukuu lenye jalada la kijani. Ukutani unatokea mstari mwekundu unaoteremka kutoka juu kushoto hadi chini kulia.)

Kabla ya Mfumo tulikuwa tukipata, kwa mechi ya nyumbani, wastani wa watu elfu tatu na mia tisa. Baada ya miezi minane ya Mfumo tunapata sitini na mmoja. Kwa jicho la kawaida mtasema mstari huu unashuka. Jicho la kawaida halikwenda semina. Kitaalamu, kile tunachokiona hapa ni ongezeko la nafasi, kwani kila shabiki sasa ana viti takribani sitini na vinne vya kuchagua, kiwango ambacho hakuna klabu yoyote katika ligi yetu iliyokifikia. Foleni langoni imepungua kwa asilimia mia moja. Malalamiko ya vyoo yamepungua kwa asilimia tisini na nane. Na uhusiano kati ya mchezaji na shabiki umeimarika kupita kiasi, mfano hai ukiwa mechi iliyopita, ambapo mshambuliaji wetu alifunga bao, akakimbilia kwenye kona ya mashabiki kushangilia, akamkuta mzee mmoja amesinzia, akampa mkono.

(Nahodha anacheka. Mwenyekiti anamtazama. Nahodha anakohoa.)

Wapo wanaolalamika kwamba hawakushirikishwa. Hao nawajibu kwa lugha ya wahenga, asiyekuwepo na lake halipo. Vikao vilikuwepo. Mimi nilikuwepo. Wao je?

Sasa uanachama. Hapa naomba Mheshimiwa Mkaguzi asikilize kwa masikio yote mawili. Nilipolifungua lile daftari la Mama nilikuta majina mia saba na kumi na mawili, kwa penseli, yamepangwa vizuri kwa mechi na tarehe. Nikasema, hawa basi ndio wanachama hai, waaminifu, wasiokosa. Nikaagiza orodha ichapwe na itumwe Shirikisho ikiwa na muhuri wa klabu mara tatu.

(Nilimwambia Mwenyekiti siku hiyo kwamba alisome kwanza. Aliniambia kazi ya karani ni kuchapa. Nilichapa.)

Naam, Mheshimiwa Mkaguzi, nimeuona mkono wako.

(Mkaguzi, kwa upole, anauliza kwa nini kwenye orodha hiyo mbele ya majina kumeandikwa "mgonjwa", "amefiwa", "amehama", "ana hasira na kocha", na mbele ya fundi bomba mmoja, "amezikwa Jumanne".)

Swali zuri sana. Swali la kitaalamu. Hayo, kwa uelewa wa uongozi, ni matawi. Tuna Tawi la Wagonjwa, Tawi la Waliofiwa, na Tawi la Wenye Hasira, ambalo ndilo kubwa kuliko yote.

(Mpiga Tarumbeta anasimama bila ruhusa. Anaeleza kwamba Mama wa Langoni hakuwa akiandika watu waliokuja, maana waliokuja aliwaona kwa macho yake, ya nini kuwaandika. Aliandika wasioonekana. Mtu akikosa mechi mbili, jina lake linaingia daftarini, na siku inayofuata Mama anavaa viatu anakwenda kwake kumuuliza kulikoni. Ndivyo lilivyoitwa, daftari la wasioonekana. Mtu mzima yeyote wa klabu hii analijua, anasema, kisha anaketi.)

Ngoja kwanza. Ina maana kwamba, kwa mujibu wa mdau huyu, mimi niliwapelekea Shirikisho, kwa muhuri wa klabu mara tatu, orodha kamili ya watu ambao hawaji?

(Mkaguzi anaandika.)

Mheshimiwa, hilo usiliandike.

(Mkaguzi ameshaandika. Ni saa tisa kamili. Watu bado kumi na sita. Mwenyekiti anakunywa maji. Klabu hii nimeifanyia kazi miaka kumi na tisa. Nami nimeogopa, liandikwe na hilo.)

Ndugu zangu, hakuna sababu ya taharuki. Penye nia pana njia. Wiki iliyopita niliwatumia wote walio kwenye orodha hiyo ujumbe wa simu, ambao nausoma ili uingie kwenye kumbukumbu. "Ndugu Mdau, kwa kurejelea mchakato unaoendelea wa kuhuisha ushiriki wako, unaalikwa kushiriki katika mkutano wa kuhuisha, tafadhali puuza kama haikuhusu." Sasa mtu akipokea ujumbe wa namna hiyo...

(Mlango unafunguliwa. Anaingia fundi viatu mwenye gongo la kutembelea, anaketi kiti cha nyuma kabisa. Nyuma yake wanaingia washona nguo wawili, mwalimu wa hesabu, na muuza magazeti na mkewe.)

Si mnaona? Nilisema nini? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Karibuni, karibuni sana, kaeni mbele, kaeni kokote, nafasi si tatizo letu. Ndugu fundi viatu, hebu simama, nataka Mheshimiwa Mkaguzi apate mrejesho wa moja kwa moja kutoka kwa mnufaika. Umekaa nyumbani miezi minane, leo umekuja. Ni nini kilichokuleta?

(Fundi viatu anasema Mama wa Langoni alifika kwake juzi, akakaa kizingitini, akamtazama mguu, akamwambia, "Umekosekana." Kisha akamwambia mkutano ni leo saa nane. Hakusema jingine.)

Kwa hiyo ilikuwa ni ujumbe mfupi. Kama nilivyosema.

(Kicheko. Ni cha kwanza tangu tuanze, na hakikuwa kwenye karatasi.)

Cheka cheka hizo zinanipa moyo. Naendelea. Ukurasa wa kumi na nne, nguzo saba za ubakizaji wa mashabiki.

(Hazikusikika. Wameingia wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro, kumi na mmoja, bado na pamba nyweleni. Wameingia wauguzi watatu wa zamu. Ameingia kinyozi mpinzani wa daktari wa timu, wakapeana mikono. Ameingia yule mwenye hasira na kocha, akakaa mbali na kocha, lakini amekaa. Kila anayeingia anauliza mwenzake, nawe alikupitia? Na kila mmoja anajibu, alinipitia, au, aliyepitiwa ni jirani akaambiwa anipitie. Ni saa tisa na dakika ishirini, nimehesabu watu mia moja na kumi.)

Ndugu zangu, nawaomba utulivu. Naona mnasalimiana, na kusalimiana si vibaya, lakini kuna dirisha la salamu baada ya maswali. Naomba pia nifahamishwe, kwa utaratibu, ni nani aliyempa Mama wa Langoni taarifa za ndani za kanuni ya Shirikisho.

(Ni mimi. Liandikwe.)

Na alipata wapi majina, wakati daftari liko chini ya ulinzi wa ofisi yangu?

(Mke wa Mwenyekiti anazungumza kutoka alipo. Anasema mama yake hakuhitaji daftari, majina yote yako kichwani, daftari ni la kuandikia sababu. Anasema ametembea siku nne, nyumba kwa nyumba, na viatu vyake viko kwa fundi yule pale. Fundi viatu anaviinua vionekane. Soli zimekwisha. Anasema atavitengeneza usiku asipumzike, na mtu asimwambie habari ya malipo.)

Mke wangu amezungumza. Mara ya kwanza kwa miezi minane. Karani, andika saa.

(Saa tisa na nusu.)

Naona ni vema niruke ukurasa wa kumi na tano hadi wa ishirini na nane, maana kwa kweli, ndugu zangu, watu wanaanza kunishinda kwa idadi, yaani viti vinaanza kupata watu. Wale wa nyuma sogeeni. Mwalimu, mpishe huyo mama mjamzito. Nani huyo kasimama dirishani? Ingia, baba, ingia.

(Mlango unafunguliwa tena. Ukumbi wote unasimama, na mimi nimesimama, kwa hiyo mstari huu nimeuandika vibaya. Ni Mama wa Langoni. Amevaa ndala. Hamwangalii mtu usoni kwa haraka, anawapita walio kando ya njia, anagusa bega hili, anauliza goti lile. Sekunde arobaini na moja kwa kila anayeulizwa. Hakuna anayeona ni nyingi.)

Shikamoo, mama.

(Marahaba, baba, anajibu Mama. Kisha anaifikia meza ya projekta, anainama, anachomoa daftari lake chini ya mguu. Projekta inainama upande. Picha ukutani inageuka, na ule mstari mwekundu, kwa mara ya kwanza, unapanda. Hapa ndipo makofi ya dakika mbili yalipopigwa. Nimeyapima kwa saa ya Mkaguzi.)

Asanteni. Asanteni. Nadhani makofi hayo yanatokana na mchoro.

(Mkaguzi anasimama kuhesabu. Anamuuliza Mama atajuaje kwamba hawa ni wanachama kweli. Mama anazunguka naye safu kwa safu. Anamtajia jina la kila mtu, kazi yake, na mechi ya mwisho aliyoonekana, na kila anayetajwa anatoa kadi mfukoni, nyingine zimefungwa kwa mfuko wa plastiki, nyingine zimekunjwa hadi zimekuwa kama kitambaa. Hakukosea hata mmoja. Saa kumi kasoro dakika sita Mkaguzi anafika kwenye safu ya mwisho, anaandika mia tatu na thelathini na nane, anatia saini, anafunga kalamu. Anasema klabu itabaki kwenye ligi. Kocha wa Makipa analia waziwazi na hajali.)

Mheshimiwa Mkaguzi, wanachama wenzangu, kwa niaba ya uongozi napokea ushindi huu mkubwa uliotokana na mipango madhubuti, uratibu wa karibu, na maono ya...

(Mama wa Langoni ameketi mstari wa mbele, amelamba ncha ya penseli, amelifungua daftari. Anasema samahani, baba, nimalizie kazi kidogo. Anaanza kutaja majina ya wasioonekana leo. Watu wanamjibu kutoka vitini, huyo yuko wodi ya pili, huyo amehama, huyo amejifungua jana, watoto wawili. Mama anaandika. Anafika ukurasa wa mwisho. Anasema, "Na mkwe wangu.")

Mimi?

("Mechi kumi na moja, baba. Hukuonekana.")

Mama, mimi ni Mwenyekiti. Mimi nilikuwa vikaoni, tukijadili mahudhurio.

("Nilikuja ofisini kwako mara mbili. Mara zote nikaambiwa una kikao. Nikarudi nyumbani, sina daftari, nikaandika nyuma ya kalenda, ana kikao, na sasa hivi nimeliandika humu. Mara ya kwanza nilipokuandika humu ulikuwa mchezaji wa akiba, umevunjika mguu, umelala chumba cha kupanga, hakuna aliyejua. Nikaja na binti yangu amebeba uji." Mama anamtazama. "Sasa nakuuliza kama nilivyokuuliza siku ile. Kuna nini, baba? Kwako kwema?")

(Mwenyekiti anakunja kurasa zake, anazikunja tena, anazitia mfukoni.)

Mama... Mheshimiwa Mkaguzi... Naomba niseme nje ya karatasi. Kwa mujibu wa ukaguzi wa ndani nilioufanya sasa hivi nikiwa nimesimama, si kwema. Tangu nipate kiti hiki watu wote huniuliza ripoti iko wapi. Hakuna aliyeniuliza mguu. Nilikuwa nikipita langoni naona foleni yote ile inacheka na wewe, nami nikifika wananyamaza, wanasema pisha, Mwenyekiti. Nikaona wivu. Ndiyo, niliona wivu kwa kigoda. Mtu mzima na tai yangu. Basi nikatunga jambo kubwa, lenye jina refu, ili nami nipate kitu cha kuulizwa. Nimekukosea, mama. Nimewakosea wote.

(Mke wa Mwenyekiti amekunjua mikono.)

Nimalizie, maana hotuba isiyofungwa huingiza mbu. Goti hoyee!

(Hoyee!)

Daftari hoyee!

(Hoyee! Mpiga Tarumbeta anapuliza.)

Asiyekuwepo...

(Na lake lipo, ukumbi wote unaitikia. Hatukupanga.)

Mwisho kabisa, nina shukrani. Nawashukuru wataalamu wa ng'ambo walioubuni Mfumo Jumuishi wa Kidijitali wa Kuvuta na kadhalika, ambao ni mimi na kamusi. Nawashukuru mafundi walioufunga, ambao hawajawahi kufika, kwani sikuwahi kuwaita. Namshukuru aliyetoa kile kitambaa cha bluu, ambacho ni pazia la sebuleni kwangu, na nadhani mke wangu alikuwa anajua. Na kwa unyenyekevu mkubwa nalishukuru sanduku la jokofu lililosimama chini ya pazia hilo kwa miezi minane, ambalo halina waya, halina data, halina chochote cha kidijitali, ila ndani yake, nyote mtashuhudia, kimo kigoda kimoja na mwavuli, nilivyovificha kwa mikono yangu ili mwenyewe akose pa kukaa. Halina kufuli. Ni gundi tu, mtu avute. Mechi ni saa kumi na moja. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Mkutano umefungwa saa kumi na dakika tisa. Sanduku limefunguliwa na fundi viatu kwa kisu chake cha kazi. Kigoda kilikuwa na vumbi, kikafutwa kwa pazia. Foleni imefika hadi kwenye duka la vipuri. Mwenyekiti yuko humo, mtu wa hamsini na kitu, ameshika tiketi, na watu wa mbele yake wamekataa kumpisha. Alipofika kwa Mama, Mama alilifungua daftari, akafuta "ana kikao" kwa kifutio, akaitazama tiketi yake, akamuuliza mguu unaendeleaje. Alijibu kwa sekunde tisini na mbili. Hakuna aliyelalamika.)